Friji Linaguna, Kisha Tik: Kutafuta Volti Zilikopotelea

Sauti yenyewe huwa hii: tik, kisha mguno mzito wa sekunde kumi hivi, kisha tik nyingine, halafu kimya. Baada ya dakika moja au mbili mchezo unaanza upya. Taa ya ndani inawaka vizuri, huenda hata feni inazunguka, lakini baridi haipo. Fundi wa friji akiitwa husema kompresa, ile mota ya kusukuma gesi, imekufa. Jirani husema nunua stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Kompresa mpya inafungwa, stebilaiza inachomekwa, na tik zinarudi, kwa sababu hakuna aliyepima volti katika ile sekunde moja ambayo kompresa inajaribu kuwaka.

Makala haya yanahusu sekunde hiyo. Volti za soketi isiyo na mzigo hazina habari kubwa. Bomba lililoziba nusu nalo lina presha nzuri ukiwa umefunga koki. Fungua ndipo ujue. Cha kutafuta ni volti zinazobaki friji linapovuta, na mahali zilipopotelea zile zilizopungua.

Kwa nini kompresa ndiyo inayoumia

Friji la kawaida, lisilo la inveta (bodi ya elektroniki inayoiendesha mota), lina mota yenye koili mbili: ya kuendeshea na ya kuwashia. Koili ya kuwashia hupata mkondo mkubwa kwa muda usiofika sekunde moja, kupitia rilei ya PTC, ambayo ni kidonge cha seramiki kinachopandisha upinzani wake ghafla kikipata moto na hivyo kuuzima mkondo huo chenyewe. Mota ikishakimbia, friji la nyumbani huvuta ampea 0.6 hadi 1.5 tu kwenye volti 230. Wakati wa kuwaka huvuta mara 5 hadi 8 ya hizo. Hapo ndipo waya dhaifu hujulikana.

Nguvu ya kuzungusha ya mota haishuki sambamba na volti. Inafuata mraba wake. Volti 207 ni asilimia 90 ya 230, lakini nguvu inayobaki ni asilimia 81. Kwenye volti 180 inabaki asilimia 61. Kwenye 160 imeshuka chini ya nusu, na pistoni yenye gesi mbele yake haiendi popote. Mota iliyokwama huendelea kuvuta mkondo wa kuwashia, koili zinachemka, na ovalodi, kile kifaa kidogo cha bimetali kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, inakata. Hiyo ndiyo tik ya pili. Ikipoa inarudisha umeme, na hiyo ndiyo tik inayofungua mzunguko unaofuata.

Ovalodi inaiokoa kompresa, ila haikutengenezwa kufanya kazi hiyo mamia ya mara kwa siku. Kila jaribio linaipika vanishi ya koili kidogo kidogo. Friji lililoachwa liendelee kuguna wiki nzima kwa sababu ya volti hafifu mara nyingi huishia na kompresa iliyoungua kweli, na hapo yule fundi aliyesema kompresa imekufa anaonekana alikuwa sahihi tangu mwanzo. Ukiisikia sauti hiyo, chomoa plagi kwanza. Uchunguzi unaweza kusubiri, koili haziwezi.

Kuna madhara mengine yasiyo na kelele. Friji lisiloganda barafu lina hita ya kuyeyushia, na wati za hita nazo hufuata mraba wa volti. Hita ya wati 150 ikilishwa volti 180 inatoa wati 92 tu. Muda wa kuyeyusha una ukomo uliopangwa na taima au bodi. Hita ikiwa dhaifu muda unakwisha barafu ikiwa bado ipo, kesho yake inaongezeka, mpaka njia ya hewa inaziba. Friza inaganda, sehemu ya chini inapata joto, na mtu anaambiwa gesi imekwisha.

Vifaa vya kupimia, na kile kisichofaa

Testa ya bisibisi iache droo. Taa yake inawaka kwenye volti 100 kama inavyowaka kwenye 240, kwa hiyo inakuambia kwamba umeme upo na kunyamaza hapo. Unahitaji multimita ya dijitali yenye nafasi ya volti za AC, yaani za umeme wa ukutani, hadi 600 au 750, na nyaya zake zisiwe na mpasuko. Iwe imeandikwa daraja la usalama CAT II kwa vipimo vya kwenye soketi, na CAT III kama fundi atapima kwenye swichi kuu. Multimita yenye kitufe cha kushika kiwango cha chini na cha juu ni bora zaidi, kwa sababu mshuko wa kuwaka kwa kompresa ni wa haraka kuliko jicho.

Kifaa kingine ambacho watu hukidharau ni ile volti mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Ni ya bei ya chini kuliko multimita na kwa kazi hii mara nyingi inaishinda: haihitaji kushikilia ncha kwenye matundu ya soketi yenye vifuniko vya usalama, unaweza kuiacha wiki nzima, na mikono yako inabaki salama.

Kiwango cha kimataifa ni volti 230, na uvumilivu uliozoeleka ni asilimia 10 juu au chini, yaani 207 hadi 253. Kwenye nchi za volti 120 hesabu za asilimia ni zile zile, ila mkondo ni karibu mara mbili kwa kazi ile ile, hivyo maungio mabovu yanauma zaidi.

Jaribio la birika

Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote. Unahitaji birika la umeme la wati 2000 hivi lililojaa maji, na soketi pacha, yaani ile yenye matundu mawili ya kuchomeka kwenye bamba moja. Friji lichomolewe. Volti mita ikae upande mmoja, birika upande wa pili.

Andika volti kabla ya kuwasha. Washa birika, subiri sekunde tano, andika volti. Zima, andika tena. Namba ya tatu ni muhimu kama zile mbili: isiporudi pale ilipoanzia, basi umeme wa mtaani ulibadilika katikati ya jaribio na unapaswa kurudia.

Birika la wati 2000 kwenye volti 230 huvuta ampea 8.7, ambao ni jirani kabisa wa mkondo wa kompresa inayowaka. Tofauti ni kwamba birika huvuta kwa utulivu, kwa hiyo unapata nafasi ya kusoma namba. Volti zikishuka kutoka 228 hadi 223 hakuna cha kutisha. Nyumba nyingi nzima hushuka hivyo. Mshuko unaopita volti 11 au 12, ambao ni asilimia 5 ya 230, unastahili kufuatiliwa. Zikishuka kutoka 228 hadi 201, zima birika mara moja.

Tuifanyie hesabu hiyo ya mwisho. Birika lenye upinzani wa omu 26.5 likipata volti 201 linavuta ampea 7.6 hivi. Volti 27 zimepotea njiani. 27 ukigawanya kwa 7.6 unapata omu 3.5 za upinzani usiotakiwa. Zidisha 27 kwa 7.6: ni wati 205 zinazogeuka joto mahali fulani. Zikiwa zimesambaa kwenye kebo ndefu, ni upotevu. Zikiwa zote kwenye skrubu moja iliyolegea nyuma ya soketi, ni moto unaosubiri siku yake. Ndiyo maana sekunde tano zinatosha na si dakika tano.

Je, waya wenyewe unaweza kula hizo? Shaba ina upinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita mraba 1. Kebo ya 2.5 yenye urefu wa mita 20, ukihesabu kwenda na kurudi mita 40, ina omu 0.28. Kebo ya 1.5 kwa umbali huo huo ina 0.47. Ili kufikia omu 3.5 kwa kebo ya 1.5 ungehitaji nyumba ya mita 150. Kama nyumba yako si hiyo, basi unatafuta maungio, si waya.

Kumfuata mharibifu soketi baada ya soketi

Rudia jaribio kwenye kila soketi ya nyumba, bila kufungua kitu chochote, na chora ramani kwenye karatasi. Soketi nyingi hufungwa kwa mnyororo, umeme ukitoka ya kwanza kwenda ya pili hadi ya tatu. Kama ya kwanza na ya pili zinashuka volti 4 na ya tatu inashuka 25, ubovu uko kati ya pili na tatu: ama kwenye skrubu za kutokea za ya pili, ama za kuingilia za ya tatu, ama kwenye boksi la maungio lililofukiwa katikati. Kama soketi zote zinashuka vibaya, sogea kwenye swichi kuu. Kama ni ya friji peke yake, bahati yako.

Kwenye soketi yenye shida, kipimo kimoja zaidi kinapunguza kazi nusu. Birika likiwa limewaka, pima volti kati ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Kawaida utaona volti moja au mbili, tatu. Ikiruka hadi 20, upinzani uko kwenye njia ya nyutro. Ikibaki chini wakati volti za soketi zimeanguka, ubovu uko kwenye waya wa moto. Jaribio hili linaitegemea ethi iliyo nzima. Kama ethi haijafika kwenye soketi, namba zitakuwa za ajabu ajabu, na hilo nalo ni jibu.

Kuanzia hapa kazi ni ya fundi umeme, swichi kuu ikiwa imezimwa na imethibitishwa kuwa imezima. Anachokwenda kukutana nacho huwa hakina miujiza. Plastiki ya waya imebanwa chini ya skrubu badala ya shaba. Waya wenye nyuzi nyingi ulipakwa risasi ya kulehemu kwenye ncha, risasi ikalegea kwa presha ya skrubu na mwaka uliofuata ikaacha nafasi. Springi za soketi zimechoka, plagi inaingia bila kubanwa. Sakiti breka ilikazwa kwa mkono wa haraka. Breka nyingi ndogo hutaka nguvu ya kukaza ya Nm 2 hadi 2.5, na namba halisi huandikwa ubavuni mwake. Na pale waya wa aluminiamu wa nje unapokutana na shaba ya ndani bila kiungio cha metali mbili, kutu hujenga ukuta mwembamba usioonekana, ambao hupitisha volti 230 kamili mpaka utakapoomba ampea.

Soketi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia au plagi ambayo haishikiki kwa joto baada ya friji kukimbia nusu saa haihitaji kipimo. Ibadilishe, pamoja na kipande cha waya kilichoiva nyuma yake, kwa kuwa shaba iliyopikwa ikawa nyeusi haibaniki tena vizuri hata kwenye soketi mpya. Na ekstensheni ya waya wa 0.75 yenye mita 10, iliyoshikilia friji pamoja na vitu vingine vinne, iondoe kabla hujaanza jaribio lolote. Friji linataka soketi yake ukutani.

Taa zikiongezeka mwanga

Dalili moja inavunja utaratibu wote huu. Ukiwasha kitu kikubwa na taa zikafifia, hilo ni jambo la kawaida kwa kiasi chake. Ukiwasha kitu kikubwa na taa za chumba kingine zikang'aa zaidi, au volti mita ikapanda hadi 270 wakati jirani analalamika ana 150, zima swichi kuu sasa hivi. Nyutro imelegea au imekatika mahali.

Kwenye mtandao wa njia tatu, yaani fezi tatu, kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Nyutro ndiyo inayompa kila mtu 230 zake. Ikikatika, nyumba mbili zilizo kwenye fezi tofauti zinabaki zimefungwa mfululizo kwenye hizo 400, na zinagawana kwa upinzani wa mizigo yao. Nyumba yenye birika la wati 2000 inapata makombo, na nyumba yenye friji na taa za jumla ya wati 200 inapata zaidi ya volti 350. Mwenye matumizi madogo ndiye anayeunguliwa vitu. Kwenye mfumo wa volti 120 na 240 hali ni ile ile, ila upande mmoja wa nyumba ndio unaopanda na mwingine ukashuka.

Hatari haiko kwenye friji tu. Kwenye mitandao ambayo nyutro na ethi zinatumia waya mmoja hadi mlangoni, kukatika kwa waya huo kunaweza kupeleka umeme kwenye mabati ya kila kifaa kilichounganishwa na ethi. Usijaribu kupima zaidi, usifungue mita wala lakiri yake. Piga simu ya dharura ya kampuni ya umeme na utumie maneno haya haya: nyutro imekatika, volti zimepanda. Ukisema tu "umeme unasumbua", utawekwa kwenye foleni ya wanaosumbuliwa.

Kama shida inatoka nje

Jaribio la birika likitoa mshuko mdogo lakini namba ya kuanzia yenyewe ni 185, nyumba yako haina kosa. Acha volti mita kwenye soketi, andika namba mara nne kwa siku: alfajiri, adhuhuri, saa mbili usiku, na usiku wa manane. Siku tatu zinatosha kuonyesha sura. Volti zinazoanguka jioni na kupanda usiku wa manane ni laini iliyoelemewa au transfoma iliyo mbali. Volti zinazopanda adhuhuri mahali penye paneli nyingi za jua mapaani ni umeme unaorudishwa kwenye laini. Volti zinazorukaruka bila saa maalumu, hasa upepo ukivuma au mvua ikinyesha, ni maungio mabovu nguzoni au ukutani pale kebo inapoingia. Jedwali la namba zenye tarehe na saa hupokewa tofauti kabisa na malalamiko ya mdomo.

Kukatika na kurudi haraka kuna ubaya wake. Kompresa ikisimama, gesi ya upande wa presha huhitaji dakika 3 hadi 5 kutulia ilingane na upande wa pili, na kidonge cha PTC nacho kinahitaji muda kupoa. Umeme ukirudi baada ya sekunde kumi, mota inakutana na ukuta wa gesi huku koili ya kuwashia ikiwa bado imefungiwa nje. Hapo utasikia tik hata kama volti ni 230 safi. Kabla hujalaumu chochote, chomoa, subiri dakika 10, chomeka. Likiwaka vizuri, ulichonacho ni tatizo la muda, na kifaa chenye ucheleweshaji wa dakika 3 au zaidi kinalimaliza.

Volti za juu huua bodi kabla ya mota. Umeme wa 230 ukinyooshwa unakuwa volti 325 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja), na kapasita kubwa ya bodi, kifaa cha kutunza umeme, mara nyingi imeandikwa 400. Umeme ukipanda hadi 290, DC inakuwa 410. Kapasita inavimba juu au inapasuka. Varista, ile sahani ndogo ya duara, kwa kawaida bluu, karibu na plagi ya bodi, hujitoa mhanga na kuichoma fyuzi. Fundi wa elektroniki akikuta varista imepasuka na fyuzi imekatika, bodi inaweza kupona kwa kubadilisha hizo mbili tu. Fyuzi iwe ya ampea ile ile. Anayeweka kubwa zaidi "ili isikatike tena" anaihamishia kazi ya fyuzi kwenye njia za shaba za bodi. Na kapasita hiyo hubaki na umeme baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo isiguswe kabla ya kupimwa kwamba imeisha.

Kuisafisha kompresa jina lake

Volti zikiwa nzuri wakati wa mguno, tuseme zinaanzia 228 na kushuka hadi 220 kompresa inapojaribu, rudi kwenye friji. Chomoa plagi. Kwenye friji la gesi ya R600a, ambalo huandikwa hivyo kwenye kibandiko cha nyuma au cha kompresa, gesi inashika moto. Pasiwe na cheche, na vipuri vya kuwashia viwe vya aina ile ile vilivyofungwa, si chochote kilichopo kabatini.

Chomoa rilei ya PTC na uitikise sikioni. Ikicheza kama njugu, kidonge kimevunjika. Ikiwa imepoa, pima omu kati ya miguu yake. Nyingi husoma kati ya 5 na 35. Ikisoma njia iliyokatika, tupa. Ovalodi iliyopoa isome karibu na sifuri. Kama ipo kapasita, pima mikrofaradi zake. Ikipungukiwa zaidi ya asilimia 10 ya maandishi yake, badilisha. Kisha pini tatu za kompresa: C ni ya pamoja, R ya koili ya kuendeshea, S ya koili ya kuwashia. C na R zina omu ndogo kuliko zote, C na S kubwa kidogo, na R na S ni jumla ya hizo mbili. Ukipata 12, 18 na 30, koili zina afya. Ukipata 12, 18 na 22, mizunguko ya koili moja imegusana na ya nyingine. Pini yoyote ikisoma na mwili wa kompresa, kesi imefungwa.

Kompresa ya inveta ina sheria nyingine: pini zake tatu zinasoma omu sawa kwa kila jozi, na haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani hata kwa kujaribu. Huwaka polepole na hustahimili volti za chini vizuri zaidi, ila uhai wake wote uko kwenye bodi.

Kuna kompresa inayokimbia bila kukata na friji halipoi. Hapo acha volti. Tazama kondensa (mabomba ya kutolea joto) yenye vumbi, mpira wa mlango, feni, gesi. Vile vile msisimko mdogo ukigusa mwili wa friji: multimita inaweza kusoma karibu nusu ya volti za ukutani kati ya mwili na ethi, na sababu ni kapasita ndogo za kichujio zinazovujisha mkondo mdogo sana. Mkondo wenyewe hauui, ila unakupa habari kwamba ethi ya soketi haipo, na siku hita ikivuja hakutakuwa na kitu cha kukatisha umeme.

Sasa ndiyo stebilaiza

Stebilaiza ina kazi moja: kunyanyua au kushusha volti ambazo laini ya nje inakuletea vibaya kwa muda mrefu. Kuifunga mbele ya maungio mabovu ni kuongeza petroli. Ili itoe 230 kwa ampea 8 kutoka kwenye 160, inavuta ampea 11.5 upande wa kuingilia. Kwenye omu 3.5 tulizozipata juu, hizo ni volti 40 za kupotea badala ya 28, volti za kuingilia zinaanguka tena, rilei zake zinapiga makofi, na skrubu ile nyuma ya soketi inazidi kuiva.

Ukubwa wake upimwe kwa mkondo wa kuwaka, si wati za kibandiko. Friji la wati 150 linalovuta ampea 6 likiwaka linahitaji karibu VA 1400 (volti mara ampea) kwa sekunde hiyo. Stebilaiza ya VA 500 itaonyesha 230 kwenye kioo chake na kuanguka kompresa inapoomba. VA 1500 hadi 2000 ni chaguo la busara. Soma pia masafa ya kuingilia: yakianzia 170 na umeme wako unafika 155, umenunua kipima volti kizito. Ya rilei huruka kwa hatua na inalifaa friji. Ya brashi inayosukumwa na mota ndogo ni laini zaidi lakini polepole, na brashi huliwa.

Kama volti zako ni nzuri ila hukatika au kupanda mara moja moja, kile kifaa kidogo wengi wanachokiita friji gadi kinatosha. Hakinyanyui chochote, kinakata na kusubiri. Kikiwa na marekebisho, ukataji wa chini uwe 185 hadi 190, wa juu 255 hadi 260, na uchelewe dakika 3 hadi 5. Ukiweka 205 kwa nia njema wakati kompresa ikiwaka inashusha hadi 203, kifaa kitakata kila kompresa inapojaribu, na utakuwa umejitengenezea tik mpya kwa mkono wako.

Kwa jenereta na inveta ya betri neno ni fupi: wimbi liwe safi. Inveta ya wimbi la ngazi huifanya mota ingurume na kupata joto, na multimita ya kawaida husoma volti zake vibaya, kwa hiyo usiihukumu kwa namba hiyo.

Baada ya matengenezo, rudia jaribio la birika kwenye soketi ya friji na uandike kwenye kipande cha karatasi, ndani ya mlango wa boksi la swichi kuu: tarehe, volti bila birika, volti na birika, nyutro na ethi. Kwa mfano 228, 223, 2. Pima tena baada ya mwezi. Shaba mpya hulala kidogo chini ya skrubu, na kama namba ya katikati imeshuka hadi 217 huku ya kwanza ikiwa pale pale, mwite fundi arudi akaze kabla plastiki haijaanza kubadilika rangi.